Kinachozeeka na Kisichozeeka Ndani ya Amplifaya ya Valvu

Amplifaya ya valvu iliyolala kabatini miaka mingi humtegea fundi mtego mmoja: hamu ya kuichomeka ukutani asikie kama ingali hai. Dynaco Stereo 70 iliyoletwa mezani kwangu haikuchomekwa siku ya kwanza, wala ya pili. Katika kazi hii mpangilio wa hatua ndio unaoamua kama utabaki na chombo au na chuma chakavu.

Stereo 70 ilianza kuuzwa mwaka 1959 na Dynaco, kampuni ya David Hafler iliyokuwa Philadelphia, Marekani. Wengi waliinunua ikiwa vipande: bodi ya saketi ilikuja imeshalehemiwa, waya nyingine mnunuzi akaziunga mwenyewe nyumbani. Kwa hiyo kila moja ina mkono wa mtu wake, na ukaguzi wa kwanza ni wa macho. Katika hii nilikuta viungo vitatu ambavyo lehemu ilikuwa imevishika kwa juu tu, waya ukicheza ndani. Mvumo na mikwaruzo mingi huanzia hapo, kabla hata ya kulaumu kifaa chochote.

Muundo wake ni wa wazi. Kila chaneli ina valvu mbili za nguvu aina ya EL34 zinazopokezana kazi, moja ikisukuma na nyingine ikivuta. Mbele yao imekaa 7199, valvu yenye pentodi na triodi ndani ya kioo kimoja: pentodi hukuza ishara, triodi huigawa iwe nakala mbili zinazopingana. Valvu ya saba, GZ34, hugeuza mkondo geu wa transfoma kuwa mnyoofu kwa ajili ya chaneli zote mbili. Matokeo ni wati 35 kila upande.

Lakini thamani ya Stereo 70 imo katika transfoma zake za kutolea sauti. Mwaka 1951 Hafler na mwenzake Herbert Keroes walieleza mpangilio ambamo gridi ya pili ya kila valvu ya nguvu huunganishwa na sehemu iliyo kati ya ncha na kitovu cha mzingo wa transfoma, wazo ambalo Mwingereza Alan Blumlein alikuwa amelitangulia. Gridi hiyo ikipata sehemu ya ishara namna hiyo, pentodi hubaki na nguvu zake nyingi huku ukali wake wa sauti ukipungua. Mpangilio huo hautoi faida bila transfoma iliyozungushwa kwa uangalifu mkubwa. Ndiyo maana nilizipima kabla ya kitu kingine. Mizingo ilikuwa mizima, na nusu zake mbili zilikaribiana kwa omu. Hapo ndipo nilipokubali kuendelea.

Shaba na chuma havizeeki upesi. Kemikali ndizo zinazokufa. Kapasita kubwa ya kopo, yenye vyumba vinne vya maikrofaradi 30, 20, 20 na 20, hukauka ndani na kuacha mvumo kwenye spika. Ikishoti, huikaanga GZ34 na kuihatarisha transfoma ya umeme. Hiyo niliibadilisha bila kuipa nafasi ya kujitetea, nikaweka nyingine ya ukubwa uleule na volti 525.

Hatari iliyojificha zaidi iko kwenye volti hasi. Gridi ya kwanza ya EL34 inahitaji kiasi cha volti 35 hasi ili kuubana mkondo. Volti hizo hutengenezwa na kipande kidogo cha seleniamu, kitu kinachochoka kwa umri. Kikifa, EL34 hubaki kama bomba lisilo na koki: anodi inawaka nyekundu, na mzingo wa transfoma unabeba mkondo ambao haukuumbiwa. Kapasita zinazopeleka ishara kwenye gridi zikivuja, maradhi ni yaleyale, maana volti chanya hupenya na kuila ile hasi. Basi diodi ya silikoni ya bei ya kikombe cha chai na kapasita nne mpya ndizo walinzi wa kitu ambacho hakinunuliki kirahisi tena. Rezista nilizipima moja moja, nikabadilisha tu zile zilizohama mbali na thamani yake kwa joto la miaka.

Umeme wa kwanza ulipita kwenye balbu ya wati 100 iliyofungwa mfululizo. Balbu ikiwaka kwa nguvu, kuna shoti, ikififia, salama. Mashine hii ni ya volti 117, na soketi zetu hutoa 230 au 240, kwa hiyo transfoma ya kushusha ni lazima. Valvu zote zilikuwa nje. Nilipima volti hasi kwenye pini namba 5 ya kila soketi ya EL34, nikazungusha kirekebishi kuhakikisha zinapanda na kushuka bila kukatika. Soketi zote nne zilipotii, ndipo valvu zilipoingia kwa pamoja. GZ34 ikiachwa peke yake, volti za juu hupanda hadi karibu 500, na hakuna sababu ya kuitesa kapasita mpya.

Maelekezo ya kiwanda yanataka volti 1.56 juu ya rezista ya omu 15.6, yaani miliampea 100 kwa valvu mbili, 50 kila moja. Kwa volti 415 hivi za anodi, hiyo ni karibu wati 21 kwa valvu ambayo kikomo chake ni 25. Mimi nimeweka 1.25, sawa na miliampea 40 kwa kila valvu. EL34 za leo, zinazotoka Slovakia, Urusi na China, hudumu zaidi zikipumua namna hiyo, na sikio langu halikupoteza kitu.

Nilishawishiwa kung'oa bodi ya zamani na kuweka saketi ya kisasa, hasa kwa kuwa 7199 imekuwa adimu. Nimekataa. Bodi hii ilipangwa pamoja na transfoma hizi, na kufufua maana yake ni kuondoa kilichokufa na kukiacha kilicho hai kifanye kazi yake.

Baada ya saa mbili za muziki nilipima tena: 1.25, pande zote mbili. Nimebandika karatasi chini ya kifuniko, yenye tarehe, vipimo na kila kipande nilichobadilisha. Aliyeiunga mara ya kwanza hakuacha maandishi, ikanibidi nimsome kupitia lehemu yake. Fundi ajaye asipate taabu hiyo.