Kabla ya Kubandika, Kubandua

Kiraka kikiachia njiani, lawama huiangukia solusheni. Mwenye baiskeli atasema ni feki, au imekaa mno dukani, au fundi ameizimua kwa petroli ili imfikishe mwisho wa mwezi. Ni nadra kusikia mtu akilaumu kilichokuwa chini ya kiraka: mabaki ya gundi ya mwaka jana, unga mweupe wa kiwandani, lami, mafuta ya vidole. Lakini kaa kidogo kwenye kibanda cha fundi anayeijua kazi yake, utaona kwamba kubandika kwenyewe ni kazi ya mara moja. Muda wake mwingi huishia kwenye kubandua.

Itazame mikono yake. Tyubu imeshatolewa, imejazwa upepo na kuzungushwa polepole ndani ya beseni la maji mpaka viputo vimeonyesha tundu lilipo. Liko pembeni mwa kiraka cha zamani, ambacho ukingo wake umeanza kunyanyuka. Fundi mwenye haraka angebandika kiraka kikubwa zaidi juu yake, akadai pesa yake. Huyu anaikausha tyubu kwa kitambaa, anadondosha petroli kidogo pale paliponyanyuka, anaiacha ipenye, kisha anakivuta kiraka kwa kucha huku akiongeza tone moja moja. Kikitoka kinaacha doa la hudhurungi linalonata na kuvutika nyuzi nyuzi. Doa hilo analisugua kwa kidole gumba, akikizungusha, mpaka gundi inajiviringisha kuwa vipunje vidogo vyeusi vinavyodondoka mavumbini. Kinachokataa kutoka hukwanguliwa kwa msasa, au kwa kifaa ambacho mafundi wengi hujitengenezea wenyewe: kipande cha bati la kopo kilichotobolewa kwa msumari, upande wenye meno ukatazama nje.

Hajagusa solusheni bado.

Sababu ya subira hiyo imo kwenye mpira wenyewe. Mwaka 1823 Mskoti Charles Macintosh alipata hataza ya kitambaa kisichopitisha maji, alichokitengeneza kwa mpira ulioyeyushwa katika nafta. Solusheni ya pancha ni ndugu wa karibu wa mchanganyiko huo: mpira ndani ya kimiminika kinachoruka upesi. Mpira mbichi una kasoro moja kubwa, joto likipanda unalainika na kunata. Mmarekani Charles Goodyear ndiye aliyegundua, mwaka 1839, kwamba ukichanganywa na salfa na kupashwa moto unaiva na kuacha kunata. Kwa hiyo fundi anaunganisha vitu viwili vilivyoiva, tyubu na kiraka, kwa msaada wa kitu kilichoyeyuka kinachojipenyeza katika mikwaruzo ya pande zote mbili. Mikwaruzo hiyo ikiwa imejaa gundi kuukuu, solusheni mpya haina pa kuingilia. Kiraka kitashika vizuri tu, ila kitakuwa kimeshika mabaki, hakijaishika tyubu.

Hata tyubu mpya haisalimiki. Nyingi siku hizi ni za butili, mpira wa maabara uliopatikana Marekani mwaka 1937, ambao huhifadhi upepo vizuri kuliko mpira wa asili. Hutoka kiwandani zikiwa laini, zimepakwa vitu vya kuzuia zisigande kwenye kalibu. Nyingine zina mstari mwembamba ulionyanyuka pale kalibu ilipokutana. Fundi asipousawazisha mstari huo kwa msasa, upepo utapita pembeni mwake, chini ya kiraka, hata solusheni iwe bora namna gani.

Si kila kinachoondoa uchafu kinafaa, na hapo ndipo fundi na mbahatishaji hutofautiana. Mafuta ya taa huondoa lami haraka, lakini huacha utando wa mafuta ambao hakuna kiraka kitakachoushika. Petroli hukauka upesi zaidi, ila ikimwagwa ovyo huuvimbisha mpira, na mvuke wake hautaki sigara wala jiko la mkaa la mama ntilie jirani. Spiriti ya kusafishia vidonda ni salama kidogo kwa mpira, ingawa nayo hushika moto. Lami iliyoganda juu ya tairi hulainishwa kwa mafuta ya kupikia, kisha huoshwa kwa sabuni na maji mengi. Lakini mafuta hayo yasifike kwenye rimu ya baiskeli inayofunga breki kwa raba, maana mteremkoni hakutakuwa na breki. Bigijii haitaki dawa yoyote. Inatosha kuigandisha kwa barafu, kisha inavunjika yenyewe.

Vita hivi na gundi vina umri karibu sawa na tairi lenyewe. John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyeishi Belfast, alipata hataza ya tairi la upepo mwaka 1888, na matairi ya awali yalibandikwa moja kwa moja kwenye rimu. Mwaka uliofuata mwendesha baiskeli mmoja alifika na pancha kwenye kiwanda cha ndugu Michelin, mjini Clermont-Ferrand, Ufaransa. Kulibandua na kuliziba tairi lile kulichukua saa kadhaa, na gundi ikaachwa usiku kucha ikauke. Asubuhi Édouard Michelin akaipanda baiskeli kuijaribu. Hakufika mbali, tairi likaisha upepo tena. Alichoondoka nacho ni wazo la tairi linalofunguka bila gundi. Mwaka 1891 lilikuwa tayari, na Septemba ya mwaka huo Charles Terront akalitumia kushinda mbio za Paris hadi Brest na kurudi, safari ya takriban kilomita 1,200. Kampuni inayojulikana leo dunia nzima ilianza kupata jina kwa kumwondolea mwendesha baiskeli adha ya gundi.

Wanamichezo, hata hivyo, hawakuiacha. Kwa miongo mingi matairi ya mashindano yaliendelea kubandikwa kwenye rimu kwa sababu ya wepesi wake, na makanika wa timu wakawa wanatumia saa nyingi kukwangua gundi kavu kabla ya kupaka nyingine. Kazi hiyo huwa haionekani mpaka siku tairi linapong'oka. Tarehe 14 Julai 2003, katika Tour de France, lami ilikuwa imeyeyuka kwa joto kwenye mteremko wa kuelekea Gap. Joseba Beloki wa Hispania, aliyekuwa wa pili katika msimamo, aliteleza, tairi la nyuma likachomoka kwenye rimu, naye akaanguka na kuvunjika mfupa wa paja. Hakuwahi tena kurudi kwenye kiwango chake.

Matairi mapya yasiyo na tyubu nayo yamekuja na gundi yake. Washiriki wa Migration Gravel Race, mbio zilizoanza mwaka 2021 katika nyanda za Maasai Mara, hupita kwenye mawe na miiba ambayo ingemaliza tyubu za kawaida. Wengi wa aina yao humimina ndani ya tairi ute wa mpira unaoziba tundu dogo wenyewe, papo hapo. Baada ya miezi michache ute huo hukauka, huganda kwenye kuta za tairi na kuziba valvu. Anayemimina mwingine bila kuondoa wa zamani hujikuta akibeba uzito bure kila mzunguko, na siku ya mashindano pampu haiingizi upepo.

Walakini, uzito wa ufundi huu hauonekani vizuri popote kuliko kwenye baiskeli ya kazi. Madumu manne ya maji ya lita 20 ni kilo 80, bila kumhesabu anayeyasukuma. Chini ya mzigo huo, juu ya ardhi ya Dodoma au Shinyanga saa saba mchana, mabaki ya gundi chini ya kiraka hulainika, na kiraka huanza kusogea taratibu mpaka tundu linafunguka. Ndiyo maana fundi makini, baada ya kukwangua na kupaka safu nyembamba, huiacha solusheni ikauke dakika kadhaa ndipo abandike na kugonga kwa nyundo ndogo. Gundi iliyozidi pembeni huifuta au huinyunyizia poda, isije ikaigandisha tyubu kwenye tairi. Kisha huingiza vidole ndani ya tairi na kupapasa mzunguko mzima, akiutafuta mwiba wa mgunga au mbigili uliosababisha yote. Akiupata huung'oa kwa koleo, akamwonyesha mwenye baiskeli.

Kasoro iko kwenye malipo. Vibandani pancha hulipwa kwa kiraka, na anayebandika juu ya uchafu huziba tatu wakati mwenzake anamaliza moja. Mteja naye humsimamia fundi akitazama saa, akimwona anayekwangua kama mtu mwenye kuchelewesha watu. Basi safari ijayo, ukimpelekea fundi wako tyubu yenye kiraka kinachoachia, mwombe akibandue chote na kusafisha mpaka kwenye mpira, kaa kwenye benchi lake umsubiri, na umlipe kwa kazi zote mbili.