Shavu Kwanza, Pua Baadaye

Juzi nimeona watu wazima wakilipiga picha gudulia lenye Mzungu wa pua kama mundu. Muuzaji anaapa ni falangcai, chombo cha enameli cha kasri, ya mfalme Qianlong wa China, nao wanaitikia. Pua ndiyo iliyowateka. Pua anaichora yeyote! Mafundi wa kaure wa mji wa Jingdezhen waliotimiza oda za Waholanzi walichora mapua ya kila aina, na vyombo hivyo vilikwenda madukani Ulaya, si kwa mfalme. Hata sahani zilizopachikwa kwenye makaburi ya kale ya pwani ya Afrika Mashariki, Kunduchi na Mambrui, ni za biashara. Zapendeza, lakini kasri ni jambo lingine.

Tazama shavu. Mgeni kwenye chombo cha kasri, tuseme mama wa Kizungu na mwanawe kwenye chupa ya ugoro, hachorwi kwa mstari mweusi uliojazwa rangi. Nyama yake imejengwa kwa nukta: nukta ndogo mno za wekundu mwepesi juu ya weupe, zinazosongamana chini ya taya, zikaachana kadiri zinavyopanda shavuni, hadi zinapotea na weupe kubaki peke yake. Weka lenzi uzione. Ondoa lenzi, rudi nyuma hatua moja, na nukta zote zinakuwa ngozi. Kisha shuka shingoni, penye ukosi, maana hapo ndipo mwigaji huchoka. Yeye hupaka waridi kwa mkupuo mmoja, akaongeza ufito wa kahawia, akauita kivuli. Kivuli cha kweli ni chepesi. Kasri halikupenda uso uliogawanywa nusu na giza. Hata mchoraji Giuseppe Castiglione, aliyefika Beijing mwaka 1715, ilimbidi alififishe giza alilotoka nalo Italia.

Na huyo Castiglione hakuianza enameli kwa mapenzi. Mfalme Kangxi alimwamuru yeye na padri Matteo Ripa waipake. Ripa ameandika kwamba hawakuwa wamejifunza kazi hiyo, wala hawakutaka kuijua, basi wakachora vibaya hadi mfalme akasema yatosha. Zama zile mchoro mbovu ulimfukuzisha mtu kazi. Leo unawekewa kabati la kioo na taa. Tang Ying, kinyume chao, alipopelekwa Jingdezhen kwenye tanuri za kasri mwaka 1728, alikula na kulala pamoja na mafundi miaka mitatu ndipo akajiona anafaa kuwasimamia.

Walaghai nao hawakuanza jana. Katika barua yake ya 1712 padri d'Entrecolles, Mfaransa aliyeishi Jingdezhen, alieleza chombo kipya kinavyochemshwa kwenye mchuzi wa mafuta, kisha kinatumbukizwa mtaroni mwezi mzima au zaidi, kitoke kikongwe. Uchafu huzeesha glezi. Nukta hauwezi kuziongeza.

Tang Ying alifariki mwaka 1756, Castiglione mwaka 1766. Baada yao dhahabu ilizidi na subira ikapungua, mashavu yakawa bapa, na sijaona sababu ya kubadili kauli hiyo.

Yaliyobaki nayataja upesi. Chapa ya falangcai ya Qianlong ni herufi nne za enameli ya buluu, na ukucha uzihisi. Chombo kiwe kidogo. Kinachozidi shubiri mbili nakitilia shaka kabla sijakigusa. Nyuma ya mgeni pawe na nafasi. Na mgeni asicheke. Nimeulizwa mara nyingi kwa nini, nami jibu langu ni moja: wale wazuri hawacheki.