Kurasa Nilizoruka

Mara ya kwanza kusoma Afterlives ya Abdulrazak Gurnah, niliruka kurasa. Wacha niseme ukweli. Riwaya ilitoka 2020, mwaka uliofuata mwandishi akapata tuzo ya Nobel, na mimi nikaitafuta kwa pupa nisiachwe nyuma na stori. Sehemu ya vita ilinishika: Wajerumani, askari wao Waafrika, misafara ya jeshi, njaa. Halafu Hamza anarudi mji wa pwani akichechemea, anapata kazi kwa mfanyabiashara wa mbao, na kitabu kinatulia. Kinatulia sana. Nikaanza kufunua haraka haraka nikitafuta pale mambo yatachemka tena.

Mwaka jana nimeirudia. Mkataba wangu wa kazi ulikuwa umeisha na kwa miezi minane maisha yangu hayakuwa na habari. Nairobi mtu akikutana nawe anauliza, "Siku hizi uko wapi?" na anamaanisha kazi. Nilikuwa nyumbani. Naosha vyombo, nanunua sukuma kwa mama mboga, nasoma. Nilianza kukwepa watu kwa sababu ya hilo swali. Na safari hii zile kurasa nilizoruka ndizo zilizonikalisha chini.

Angalia Hamza anafanya nini mle. Analinda ghala. Anaingia karakana, anajifunza useremala kwa mzee Sulemani. Anazoea harufu ya mbao. Jioni Khalifa anakaa barazani na marafiki zake wawili, wanachambua habari za dunia na umbea wa mtaa kwa uzito uleule. Hamza anamwona Afiya, Afiya anamwona Hamza, na inachukua muda mrefu kabla ya yeyote kusema lolote. Ni hivyo tu. Lakini huyu ni mtu aliyejiunga na jeshi kwa hiari yake, akatukanwa, akapigwa upanga na mkubwa wake, akaponea chupuchupu. Kwake, siku isiyo na tukio ni kitu alichokikosa miaka mingi. Mimi nilikuwa nauliza hadithi itaanza lini tena, kumbe Hamza alikuwa anaomba isianze.

Sasa, ni rahisi kuishia hapo na kusema utulivu ni mzuri, tupumzike. Gurnah hakubali, na ndiyo maana namheshimu. Utulivu wa nyumba ile si sawa kwa kila mtu. Khalifa ana baraza. Afiya ana jikoni na jicho la Bi Asha. Alichukuliwa kutoka nyumba ambako alipigwa hadi mkono ukavunjika kwa sababu tu alijua kuandika, kwa hivyo mwanzoni kwa Khalifa ni afueni kubwa. Lakini anavyokua, Bi Asha anazidi kuwa mkali, na ukimya wa ndani unaanza kufanana na kufungiwa. Mwenye kusifu maisha matulivu aulize kwanza nani anayapikia.

Na kuna Ilyas, kaka yake Afiya, aliyeenda vitani upande wa Wajerumani na hakurudi. Hakuna barua, hakuna kaburi. Nyumba inaendelea na shughuli zake, lakini swali liko pale pale. Hamza na Afiya wanampa mwana wao jina hilo hilo, Ilyas, na mtoto anaanza kusikia sauti. Nilivyoelewa mimi, nyumba iliyonyamaza muda mrefu hatimaye imesema kupitia mdogo wao. Kutulia si kusahau, na anayejaribu kusahau kwa kutulia atadaiwa.

Kama hujasoma, samahani, nafichua mwisho. Miaka mingi baadaye kijana anaenda Ujerumani na kugundua yaliyompata mjomba wake: alihamia huko, akapeperusha bendera za Wanazi waliotaka makoloni yarudi, na akafia kambi ya Sachsenhausen. Hiyo peke yake ingetosha riwaya nzima. Gurnah anaimaliza kwa kurasa chache, kwa sauti kavu kama ya faili la ofisi. Zamani niliona ni kosa, ati mwandishi amechoka. Bado nadhani anaharakisha kidogo. Ningependa kumsikia Ilyas mwenyewe akijieleza. Lakini sasa naona hesabu yake. Tukio kubwa amelipa aya chache. Mtu anayejifunza kazi ya mbao, na wawili wanaozoeana taratibu, amewapa nafasi ya kutosha. Ukitaka kujua mwandishi anathamini nini, hesabu kurasa.

Nilipata kazi nyingine mwezi wa nane. Sitasema ile miezi ilikuwa zawadi. Kodi ilinisumbua na mamangu alinitumia pesa ambazo hakuwa nazo. Lakini ndani yake nilijua majina ya watoto wote wa ploti yetu, na nilimpigia simu shangazi ambaye tulikuwa hatujaongea tangu matanga ya babu. Tuliongea karibu saa nzima, hasa kuhusu kuku. Siku hizi niko kazini, na mtu akiniuliza niko wapi, nina jibu. Ile miezi minane nikiisimulia, huwa siiruki.