Njia na Mji: Jazanda za Imani na Maisha ya Kila Siku katika Maandishi ya John Mbiti Kuhusu Wakamba

Utangulizi

Miongoni mwa jazanda zinazotumiwa kueleza maisha ya Mkristo, ni chache zilizoenea kama ile ya njia. Katika kitabu cha Matendo ya Mitume imani mpya yenyewe huitwa Njia. Kwa Kikamba neno hilo ni nzia, nalo, kama lile la Kiswahili, hubeba maana mbili: mahali panapopitwa na miguu, na namna ya kutenda jambo. Maana hizi hazielekezi upande mmoja. Ya kwanza humtazamisha msikilizaji mwisho wa safari. Ya pili humrudisha kwenye hatua anayoipiga. Anayeshika ile ya kwanza peke yake ataiona dunia kuwa kituo cha kupita. Anayeshika ya pili hana budi kuuliza Mkristo alimeje, auzeje, aoeje na aishije na jirani yake.

Makala haya yanachunguza jinsi mvutano huo unavyojitokeza katika maandishi ya John Samuel Mbiti (1931–2019), hususan vitabu viwili: Akamba Stories (1966) na New Testament Eschatology in an African Background (1971). Cha kwanza ni mkusanyiko wa hadithi za Wakamba. Cha pili ni utafiti wa kitheolojia kuhusu mambo ya mwisho wa dunia. Kwa kawaida vitabu hivi huwekwa katika rafu mbili tofauti, kimoja kwa wanafasihi na kingine kwa wanatheolojia. Inadaiwa hapa kwamba utengano huo umekuwa na hasara, kwa sababu kitabu cha hadithi kina jibu la swali ambalo kitabu cha theolojia hakikulijibu ipasavyo.

Usuli

Misheni ya Africa Inland iliingia Ukambani mwaka 1895, wakati Peter Cameron Scott na wenzake walipojenga kituo chao cha kwanza huko Nzaui, katika eneo ambalo baadaye lilikuwa sehemu ya wilaya ya Machakos. Scott alifariki mwaka uliofuata, lakini kazi iliendelea na kuenea hadi Kitui, na jina lake likabaki katika chuo cha theolojia kilichoanzishwa mjini Machakos mwaka 1962. Mbiti alizaliwa Mulango, Kitui, akalelewa katika mazingira ya misheni hiyo hiyo. Aliendelea na masomo Makerere, Marekani na Cambridge, ambako alipata shahada ya uzamifu mwaka 1963. Utafiti wake wa shahada hiyo ndio uliozaa kitabu cha 1971.

Kabla ya hayo yote Mbiti alikuwa mtunzi. Mwaka 1954 alichapisha kwa Kikamba Mutunga na Ngewa Yake. Mwaka 1969, mwaka uleule kilipotoka African Religions and Philosophy, alitoa pia diwani ya mashairi ya imani. Huyu basi si mwanatheolojia aliyepita tu kwenye fasihi. Ni msanii wa lugha aliyekuwa pia mwanatheolojia, na ni haki kazi zake zisomwe kwa vigezo vya uhakiki wa fasihi.

Mji, Moto na Hazina

Katika kitabu cha 1971, Mbiti anauliza swali ambalo mhakiki yeyote wa fasihi angelitambua mara moja: je, msikilizaji huelewaje taswira? Agano Jipya linazungumzia mambo ya mwisho kwa lugha ya vitu vinavyoonekana: moto, hazina, mji, nchi, karamu, machozi yanayofutwa. Mbiti anazichukua taswira hizi moja moja, anaeleza maana yake katika mazingira ya Agano Jipya, kisha anaonyesha zilivyopokewa na Wakristo wa Ukambani. Hukumu yake ni kwamba zilipokewa kama zilivyotamkwa. Mbingu ikawa nchi halisi isiyo na njaa wala ugonjwa. Moto ukawa moto. Na kurudi kwa Yesu kukatarajiwa karibu mno, kana kwamba ni jambo la msimu ujao.

Mbiti haoni kuwa hilo ni suala dogo la tafsiri. Anatambua athari zake kwa maisha ya kila siku. Mtu anayesubiri kuhamia mji mwingine hana sababu kubwa ya kuutengeneza huu alio nao. Imani hugeuka kuwa kimbilio, na shida za dunia huvumiliwa badala ya kukabiliwa. Ni njia ya yule Mkristo wa John Bunyan katika Safari ya Msafiri, ambaye huanza mwendo wake kwa kuwaacha mkewe na watoto nyuma na kuziba masikio asiwasikie wakimwita. Tashibiha hiyo ina nguvu zake katika utanzu wa istiara. Lakini mtu akiichukua kuwa mwongozo wa nyumba, nyumba hiyo itavunjika.

Uchambuzi huu ni mchango mkubwa, na ujasiri wake usisahauliwe: Mbiti alikuwa anaikosoa misheni iliyomlea. Tatizo linaanza anapotafuta chanzo cha hali hiyo. Anakiona katika dhana ya wakati. Kwa maoni yake, wakati wa Mwafrika ni wa pande mbili, uliopita na uliopo, na ujao ni mfupi mno. Anaorodhesha nyakati za kitenzi cha Kikamba na kuhitimisha kwamba hakuna inayofikia mbali. Hivyo, alipoambiwa habari za mwisho wa dunia, Mkamba hakuwa na mahali pa kuziweka ila karibu na leo.

Sasa, Zamani na Kesho

Ili kueleza nadharia hiyo, Mbiti aliazima maneno mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani, akayafanya istilahi. Msomaji wa Kiswahili ana haki ya kuuliza maneno hayo yaliacha jamaa gani nyumbani. Lugha iliyoyatoa ina pia kesho, keshokutwa, mtondo na mtondogoo. Ina mbeleni na siku za usoni. Ina methali isemayo kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Kuteua maneno mawili katika ukoo mkubwa namna hiyo ni kitendo cha mtunzi anayetafuta ishara, si ushahidi wa mwanaisimu. Wanafalsafa kadhaa wa Kiafrika, akiwemo Kwame Gyekye wa Ghana, wameipinga nadharia hii kwa kuonyesha lugha nyingine ambazo wakati ujao una nafasi yake kamili.

Lakini pingamizi lenye uzito zaidi linatoka Ukambani kwenyewe, nalo limeandikwa juu ya ardhi. Katika miaka ya 1930 vilima vya Machakos vilikuwa vimeliwa na mmomonyoko kiasi cha kuwatia maafisa wa kikoloni hofu. Wakati huo wilaya ilikuwa na watu kiasi cha 240,000. Kufikia sensa ya 1989 walikuwa karibu 1,400,000, na hata hivyo ardhi ilikuwa imehifadhiwa vizuri zaidi, kama walivyoeleza Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki katika utafiti wao uliochapishwa mwaka 1994. Mojawapo ya mbinu zilizotumika hujulikana hata kwa wataalamu wa nchi za nje kwa jina lake la Kiswahili: fanya juu. Mkulima huchimba mtaro kukata mteremko, hutupa udongo upande wa juu kuwa ukingo, kisha huacha mvua ya msimu baada ya msimu isawazishe shamba polepole hadi liwe ngazi. Kazi hufanywa leo. Ngazi huonekana baada ya miaka.

Inaweza kujibiwa kwamba mitaro ya kwanza ililetwa na serikali, tena kwa shuruti, na kwamba Mbiti mwenyewe alikiri kuwa elimu na Ukristo vilikuwa vinaipanua dhana ya wakati ujao. Jibu hilo ni halali kwa sehemu. Hata hivyo, kazi iliendelea kwa bidii baada ya uhuru, shuruti ilipokuwa imekwisha, na ilibebwa na vikundi vya mwethya, ambavyo mizizi yake ni desturi ya Wakamba ya kusaidiana. Kadhalika, desturi ya kumpa mjukuu jina la babu au nyanya yake si desturi ya watu wasioona mbele ya msimu. Watu wanaoandaa udongo kwa ajili ya wajukuu hawawezi kuelezwa kuwa hawana wakati ujao.

Zimwi na Ziwa la Moto

Kama chanzo si wakati, basi ni nini? Hapa ndipo Akamba Stories kinapostahili kufunguliwa. Katika hadithi alizokusanya Mbiti mna mazimwi yanayomeza watu, wanyama wanaosema, na wafu wanaorudi. Hadhira ya Wakamba ilizisikiliza jioni, baada ya kazi, kutoka kwa msimulizi anayefahamika. Hakuna aliyetoka nje asubuhi kumtafuta zimwi shambani. Wala hakuna aliyesema kwamba, kwa kuwa zimwi halipo, basi hadithi ni uongo usio na faida. Mtoto alijifunza kwamba ulafi humeza, kwamba mgeni asiyejulikana apimwe, kwamba mdogo mwenye akili hushinda. Alijua kuishi na taswira bila kuigeuza taarifa.

Jamii yenye ustadi huo wa kusoma ishara haiwezi kudaiwa kuwa ilishindwa na ziwa la moto kwa upungufu wa lugha yake. Maelezo yanayoaminika zaidi ni ya kiutanzu. Hadithi ilikuja na saa yake, sauti yake na mahali pake, na vitu hivyo vilimwambia msikilizaji aipokeeje. Mafundisho ya misheni yalikuja mchana, darasani, kwa maswali na majibu yaliyopaswa kukaririwa kabla ya ubatizo. Kwa mazingira hayo, kila kilichosemwa kilijitambulisha kuwa habari ya kweli kama tarehe au hesabu. Wamisionari wengi wenyewe waliyasoma maandiko ya mwisho wa dunia kwa namna hiyo. Msikilizaji aliyachukua mafundisho jinsi yalivyotolewa. Alimwelewa mwalimu wake vizuri kabisa. Mwalimu ndiye aliyempa taswira akiita taarifa.

Tofauti hii si ya kitaaluma tu. Kama kosa ni la lugha ya Mkamba, tiba itakuwa kumwondolea taswira na kumpa dhana kavu, na mwalimu wa dini atasimama mbele ya waumini wake kama mtu mzima mbele ya watoto. Kama kosa ni la utanzu, tiba ni kumruhusu muumini atumie katika kanisa ule ustadi wa kusikiliza alioupata nyumbani.

Njia Inayopita Nyumbani

Inafaa kuangaliwa kwamba taswira zinazotawala uchambuzi wa Mbiti ni zile za kikomo: mji, nchi, hazina, mbingu. Njia yenyewe haikupata uzito uleule. Hata hivyo, yeye mwenyewe anaikaribia kwa mlango mwingine. Sura zenye matumaini zaidi katika kitabu chake ni zile za sakramenti na za ukaribu wa ulimwengu wa roho. Anaona kwamba katika ubatizo na katika meza ya Bwana, lile linalongojewa huonjwa sasa, na kwamba Wakamba, waliozoea kuishi karibu na wafu wao, wangeweza kuuelewa ushirika wa watakatifu pengine kuliko walimu wao. Maji na mlo ni vitu vya kila siku. Mji wa mbali unashuka hadi mezani.

Sehemu nyingine za Afrika Mashariki zinatoa mfano unaolingana. Uamsho ulioanzia Rwanda na kuingia Kenya katika miaka ya 1930 uliwazoesha wafuasi wake kusema juu ya kutembea nuruni. Maana ya maneno hayo haikuwa kufika mahali. Ilikuwa kuungama mbele ya wenzako, kurudisha ulichoiba, kupatana na uliyemkosea. Jazanda ni ileile ya mwendo, lakini uzito umehamia kwenye hatua.

Hitimisho

Mbiti aliona sawasawa kwamba imani inayotazama mji tu huwaacha waumini bila mwongozo wa kuishi wanapoishi. Alikosea alipouweka mzigo wa kasoro hiyo juu ya sarufi ya Kikamba, ilhali mkusanyiko wake mwenyewe wa hadithi ulikuwa ushahidi wa utetezi. Huenda alilihisi jambo hilo, kwa kuwa katika miaka yake ya uzeeni aliifanya kazi ya kulitafsiri Agano Jipya kutoka Kigiriki hadi Kikamba, lugha ambayo nadharia yake ilikuwa imeitilia shaka. Mtu hachukui taabu ya namna hiyo kwa lugha asiyoiamini.

Kwa msomaji wa Machakos, mzozo huu unarudisha swali mahali pake. Kuifuata njia ya Kikristo si suala la kujua umbali uliobaki hadi mjini. Ni suala la nzia katika maana yake ya pili: namna ya kushika jembe, kupima mizani, kugawa maji na kuitika wito wa mwethya hata siku ambayo shamba si lako. Anayetembea hivyo hajausahau mji. Anauandalia udongo, kama yule anayetupa udongo juu ya ukingo akijua kwamba ngazi itaonekana baadaye.