Kufuta na Kukomesha

Magazeti na hotuba zetu huyatumia maneno haya mawili kana kwamba ni mapacha: kufuta na kukomesha. Sisi hatukubaliani na matumizi hayo. Mwalimu hufuta ubao, na kesho yake maandishi yale yale huweza kurudi. Bali mama amwambiapo mtoto mtukutu, "Leo nitakukomesha," hazungumzii ubao.

Tuipime tofauti hiyo kwa historia. Mwaka 1873 Sultani Barghash, akishinikizwa na Waingereza, alikubali kulifunga soko la watumwa la Unguja. Soko likafungwa, utumwa wenyewe ulitambuliwa na sheria ya Unguja hadi 1897, na masuria wakaachwa nje ya amri hiyo hadi 1909. Huku bara Wajerumani walitangaza tu kwamba watoto watakaozaliwa kuanzia 1906 watakuwa huru. Sheria ya kuufuta utumwa Tanganyika ilitungwa na Waingereza mwaka 1922. Hata baada ya hapo, Msukuma wa Shinyanga aliyekosa fedha za kodi aliweza kufanyishwa kazi pasipo hiari yake. Jina lilifutwa, shuruti ikabaki.

Baada ya Uhuru tukawa wafutaji sisi wenyewe. Mwaka 1963 utemi ukafutwa. Mwaka 1976 vikafutwa vyama vikuu vya ushirika, vilivyokusanya pamba ya Usukuma; mwaka 1982 sheria mpya ikavirudisha. Hapo, ndugu msomaji, kufuta kulikuwa kufuta hasa, kwa maana ya ubao, wala neno halikumdanganya mtu.

Tunalolilaumu ni neno kukomesha linapovishwa jambo lisilokoma. Sheria ya Mtoto ya 2009 ilikataza watoto kufanyishwa kazi machimboni. Tulipokuwa tukitumikia wilaya moja katika ukanda wa dhahabu wa Geita, tuliandika kwa mkono wetu katika taarifa: "Ajira ya watoto imekomeshwa." Tuliliona neno hilo kuwa zito na lenye heshima. Siku chache baadaye tulimkuta mtoto wa umri wa darasa la tano akiponda mawe kando ya karasha, nywele zimekuwa nyeupe kwa vumbi. Tulimwuliza anamfanyia nani kazi. Alijibu kwamba baba yake alikopa unga kwa mwenye duara, akaenda zake, na deni halijaisha.

Taarifa ilikwisha kupelekwa mkoani. Hatukuandika nyingine.