Anachosema Msomaji Akishafunga Kitabu

Vijana wetu wanasoma riwaya za mapenzi na riwaya za kutisha, na wengi wa wazazi wao walizisoma pia. Swali linaloulizwa mara kwa mara kanisani ni kama Mkristo anaruhusiwa kuzisoma. Ni swali la haki, kwa maana si kila kitabu kinajenga. Lakini tukiishia hapo tunaacha swali jingine lenye faida kubwa zaidi: msomaji anapoeleza jinsi kitabu kilivyomgusa, anatuambia nini juu ya moyo wake?

Katika 2 Samweli 12, Nathani hakumwanza Daudi kwa mashtaka. Alimsimulia habari ya tajiri aliyemnyang'anya maskini mwanakondoo wake wa pekee. Daudi akawaka hasira, akatoa hukumu, na ndipo nabii akamwonyesha kuwa mtu huyo ni yeye. Kilichomfunua mfalme ni hasira yake mwenyewe juu ya mtu wa hadithini. Riwaya nzuri inaweza kufanya kazi hiyo, ikiwa msomaji atapewa nafasi ya kusema.

Tuanze na mapenzi. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilitoka mwaka 1971, ikapigwa marufuku shuleni, na baadaye ikaja kufundishwa humo humo. Jina lake ni mojawapo ya sifa za Bikira Maria katika litania. Rosa analelewa Ukerewe na Zakaria, baba mlevi na mkali, anayempiga kwa sababu ya barua ya mvulana aitwaye Charles. Mama yake, Regina, anampenda, ila hana sauti mbele ya mumewe. Binti anakua akiwaogopa wanaume, wala hakuna aliyekaa naye kumfundisha. Akiwa masomoni, mbali na fimbo ya baba, anaanguka. Mwishowe Charles anamkataa kwa kuwa si bikira, naye anajiua.

Wasomaji wa kitabu hiki hawakubaliani. Mmoja husema Rosa alijitakia. Mwingine humlaumu Zakaria. Ni wachache wanaomgusa Charles, kijana aliyedai kwa mchumba wake usafi ambao hakuna aliyemdai yeye. Kitabu kina kasoro yake: maanguko ya Rosa yanafuatana upesi mno, hata mara nyingine anakuwa mfano wa kuonya watu kuliko mtu mwenye damu na nyama. Lakini hofu iliyomo katika nyumba ya Zakaria imeandikwa kwa ukweli unaouma. Mzazi anayemaliza kitabu hiki akiwa amemkasirikia Rosa peke yake, na ajiulize kama binti yake anaweza kumletea barua ya namna ile bila kutetemeka. Mwishoni Kezilahabi anaifikisha kesi ya baba na binti mbele ya Mungu. Hapo sisi wasomaji, tuliokwisha kutoa hukumu zetu, tunakumbushwa kwamba kiti hicho si chetu.

Sasa hofu. Katika Mirathi ya Hatari ya C. G. Mung'ong'o, ya mwaka 1977, kijana msomi aitwaye Gusto anarithishwa uchawi na baba yake. Kinachotisha zaidi si mambo ya usiku wa manane, bali kwamba giza linamjia mtoto kutoka katika mkono uliomlea. Wapo wanaokifunga kitabu hiki wakisema, "Kumbe ni kweli, wapo!" kisha wakaanza kuwahesabu majirani. Hilo si jambo la mchezo. Katika nchi yetu wako bibi vizee waliouawa kwa kudhaniwa wachawi, wengine kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu, na kumbe ni moshi wa kuni wa miaka mingi jikoni. Hofu ya namna hiyo haina tena sehemu katika imani ya watu wanaokiri kwamba Kristo ameshinda giza. Msomaji mwingine hukifunga akijiuliza: nami nawarithisha watoto wangu nini? Kinyongo na ndugu wa shambani? Kisasi nilichorithi kwa baba yangu? Wote wawili wamesoma kurasa zile zile, na wote wawili wameogopa. Ila mmoja ameogopa jirani, na mwingine ameogopa dhambi.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kijana akikutwa na riwaya chini ya mto, tusikimbilie kuichoma. Kama kitabu ni cha uchafu mtupu, tumwambie hivyo na tumpe sababu. Kabla ya hapo tumwulize: Ulimwogopa nani humo? Ulimhurumia nani? Ulimlaumu nani? Maswali haya yafaa pia katika jumuiya na vikundi vya vijana, wazee wakiwa tayari kuyajibu kabla ya kuonya. Bwana wetu alipokwisha kusimulia habari ya Msamaria, hakumweleza mwanasheria maana yake. Alimwuliza swali, akangoja jibu. Rosa alipata viboko kwa ajili ya barua moja. Hakupata mtu wa kumwuliza ilimfanya ajisikie vipi.