Onyesha Njia: Tahakiki ya Kiolezo cha Hesabu

Fundi cherehani wa soko la Mbuyuni, mjini Moshi, hahangaiki kubuni upya kila sare ya shule anayoletewa. Ukutani mwa kibanda chake zimetundikwa karatasi ngumu za kaki, kila moja na umbo lake: mgongo, mkono, ukosi. Huitandaza karatasi juu ya kitambaa, akapitisha chaki, akakata. Kwa siku moja hukata sare ambazo bila karatasi zile zingemchukua juma zima. Karatasi ile ndiyo kiolezo. Aliyeibuni alifikiri mara moja, na wote waliomfuata wakapumzika.

Neno langu katika kurasa hizi ni juu ya kupumzika huko. Je, ni mapumziko ya mtu aliyemaliza kazi, au ni usingizi wa mlinzi?

Kiolezo kimekwisha kutoka kibandani kwa fundi kikaingia katika kompyuta. Mwaka 1979 Wamarekani wawili, Dan Bricklin na Bob Frankston, walitoa programu iitwayo VisiCalc, ambayo ilikuwa lahajedwali la kwanza la kompyuta ndogo. Ikafuata Lotus 1-2-3 mwaka 1983, na Excel mwaka 1985. Tangu hapo karani yeyote aweza kuandika kanuni ya hesabu mara moja, akaihifadhi, na msimu ujao akabadili tarakimu tu.

Viwandani jambo hili limekwenda mbali zaidi. Ipo programu iitwayo PI System, iliyotengenezwa na kampuni ya OSIsoft ya huko California, iliyoanzishwa mwaka 1980 na kununuliwa na AVEVA mwaka 2021. Kazi yake ni kukusanya vipimo vya mitambo mchana na usiku na kuvifanyia hesabu. Tuseme kiwanda cha sukari kina pampu 40 za maji. Mhandisi hana haja ya kuandika hesabu ya ufanisi mara 40. Huandika kiolezo kimoja cha pampu: maji yanayosukumwa kwa saa, kimo yanachopandishwa, umeme unaotumika, na kanuni ya kuviunganisha. Kisha kila pampu hupewa kiolezo hicho na kuelekezwa kwenye vipimo vyake yenyewe. Mhandisi akigundua kosa katika kanuni, hulisahihisha mahali pamoja, na pampu zote 40 hufuata. Programu hujua pia vizio vya vipimo, kwamba hiki ni lita na kile ni mita ya ujazo, ikaweza kugeuza kimoja kuwa kingine.

Sifa hizi si za kubezwa. Mimi niliyesahihisha madaftari kwa taa ya chemli siwezi kumcheka mtu aliyepata njia ya kutorudia kazi. Lakini mhakiki hapimi kitu kwa sifa zake tu. Huuliza pia kitu hicho kinamfanya nini mwenye kukitumia. Nami nina ushahidi wa karibu, kwa kuwa aliyelala nilikuwa mimi mwenyewe.

Nilipostaafu, wanachama wa chama kimoja cha msingi huku mlimani walinichagua kuongoza kamati ya usimamizi. Kazi ya kamati hiyo ni kukagua. Wakulima wetu huleta kahawa ya maganda, hupimwa, na hulipwa kwa kilo baada ya makato. Katika miaka ya nyuma karani aliandika stakabadhi kwa mkono, na makato yaliorodheshwa moja moja: ushuru wa chama shilingi 40 kwa kilo, ujenzi wa ghala shilingi 30 kwa kilo. Ilipokuja kompyuta, karani wa wakati ule, kijana hodari, alitengeneza jedwali zuri ajabu. Unaandika jina na kilo, malipo yanatokea. Stakabadhi ikapungua mistari. Pale palipokuwa na makato mawili pakawa na neno moja tu: makato.

Kijana yule alipata kazi mjini, akaacha jedwali. Akaja mwingine, akalirithi. Ghala likaisha, likaezekwa, likafunguliwa kwa maombi na mbege. Jedwali halikualikwa kwenye sherehe ile. Ndani ya kanuni yake, bila jina na bila maelezo, ilikaa namba 70, nayo ikaendelea kukata shilingi 70 katika kila kilo kwa misimu mitatu.

Nami nilikagua misimu yote mitatu. Nilichagua majina kumi kila msimu, nikachukua kalamu ya risasi, nikazidisha na kutoa, nikalinganisha. Kila mara majibu yalikubaliana hata shilingi ya mwisho, nikatia saini kwa moyo mweupe. Ilinichukua muda kuelewa upumbavu wangu. Ile 70 niliyoitoa kwa kalamu yangu niliipata wapi? Niliipata humo humo katika jedwali. Nilikihakiki kiolezo kwa kutumia kiolezo, kama hakimu anayemwuliza mshtakiwa kama ni kweli, kisha akamwita mshtakiwa huyo huyo awe shahidi.

Aliyeniamsha ni bibi mmoja aliyenizidi umri, ambaye hakusoma zaidi ya darasa la nne. Katika mkutano mkuu alisimama na kopo la Kimbo mkononi. Ndani yake zilikuwamo stakabadhi zake zote, za zamani na za sasa.

"Mwalimu," akasema, "zamani mliniandikia arobaini ya chama na thelathini ya ghala. Sasa mnaniandikia makato tu, nami nikigawanya kwa kilo zangu napata sabini ile ile. Ghala limeezekwa, na mbuzi wamekwisha lala ndani yake. Hiyo thelathini bado inaezeka nini?"

Watu walicheka. Mimi sikucheka. Kwa misimu ile mitatu bibi huyu alileta kilo 210, kilo 180 na kilo 240. Jumla kilo 630. Mara shilingi 30, ni shilingi 18,900. Kwa mwenye mshahara ni fedha ya kusahauliwa. Kwa ajuza anayechuma buni kwa mikono yake katika kihamba cha mteremko, si ya kusahauliwa, wala hakuisahau.

Fedha haikuibwa. Ilikutwa benki, katika hesabu ya ghala, imelala kama mimi. Hilo lilituokoa tusishikane mashati, lakini halikupunguza fundisho. Jedwali halikukosea hesabu hata mara moja. Lilijibu sawasawa swali ambalo halikuwapo tena.

Msomaji asidhani kwamba haya ni mambo ya wanakijiji na kompyuta yao moja. Tarehe 4 Juni 1996, huko Kourou katika Guyana ya Kifaransa, roketi mpya ya Ulaya iitwayo Ariane 5 iliharibika takriban sekunde 40 baada ya kuwashwa. Sehemu ya programu yake ya uongozaji ilichukuliwa kutoka Ariane 4, ambako ilifanya kazi vizuri kwa miaka. Lakini roketi mpya ilikuwa na mwendo mkubwa zaidi wa kwenda upande, na namba iliyotokea haikuenea katika nafasi iliyotengwa, ambayo mwisho wake ulikuwa 32,767. Zaidi ya hayo, hesabu yenyewe iliyoangusha roketi haikuwa na kazi yoyote baada ya roketi kuondoka ardhini. Ilikuwa thelathini ya ghala lililokwisha kuezekwa.

Tena mwaka 2010 wataalamu wawili wa uchumi, Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, walitoa makala iliyoonyesha kwamba nchi ambazo deni lao linapita asilimia 90 ya pato la taifa hukua kwa wastani wa asilimia 0.1 chini ya sifuri. Mwaka 2013 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, Thomas Herndon, alipewa lahajedwali lao akalifungua. Akakuta kanuni ya wastani imeishia mistari mitano kabla ya mwisho, ikaziacha nje nchi tano, zikiwamo Australia, Canada na Ubelgiji. Kosa hilo na mengine ya uteuzi na upimaji yaliposahihishwa na yeye na walimu wake wawili, wastani ukawa asilimia 2.2. Herndon naye alikuja na kopo lake la Kimbo.

Watetezi wa programu za viwandani watanijibu kwamba kosa letu lilikuwa la kunakili. Lahajedwali likinakiliwa, nakala huishi maisha yake. Ukisahihisha mama, watoto hawana habari. Katika programu zao kiolezo ni kimoja na wote hukirejelea. Jibu hilo lina nusu ya ukweli. Ni kweli kwamba sahihisho husambaa kwa mara moja. Lakini kosa nalo husambaa vivyo hivyo, na kwa utulivu ule ule. Mtoto wa pampu ya 40 hana nakala ya zamani ya kubishana nayo. Kwetu mlimani kahawa ya maganda ikikobolewa, kilo 100 hutoa takriban kilo 80 za kahawa safi. Weka 0.8 katika kiolezo kinachotumiwa na vyama vyote, kisha uje mwaka ambao kahawa haikukauka vizuri. Vyama vyote vitapotea njia moja, kwa mpangilio wa kupendeza.

Katika chuo cha ualimu niliona ugonjwa huu kabla ya kompyuta. Mwanachuo aliyekwenda mazoezi ya kufundisha alitakiwa kuandika andalio la somo. Andalio ni kiolezo: mada, malengo, hatua, zana, tathmini, maoni. Wako walionakili andalio la waliowatangulia neno kwa neno. Niliwakamata kwa urahisi. Sikusoma malengo, maana malengo yalikuwa mazuri. Nilisoma idadi ya wanafunzi waliohudhuria. Darasa lina watoto 52, andalio linasema 45. Anayenakili hukumbuka kubadili jina lake na tarehe, asikumbuke kuhesabu watoto. Hata hivyo sikuchoma maandalio. Nilidai sehemu ya maoni ijazwe baada ya somo, kwa wino, na mtu aliyekuwamo darasani.

Hukumu yangu basi ni hii. Ubaya wa kiolezo haumo katika kutumika tena. Umo katika kutumika tena kikiwa bubu. Kila mwalimu wa hesabu nchini huandika ubaoni maneno mawili kabla ya mtihani: onyesha njia. Jibu sahihi bila njia hatulipi alama zote, kwa kuwa hatujui kama mtoto amelijua au ameliokota. Kwa nini tumdai mtoto wa darasa la sita jambo ambalo hatulidai jedwali linalogawa fedha za kijiji?

Kiolezo kinachoonyesha njia kina alama zake. Kila namba isiyobadilika imetolewa ndani ya kanuni ikawekwa mahali pake panapoonekana, na jina lake na kizio chake: ushuru wa chama, shilingi kwa kilo. Kila makato yana sababu, na tarehe ya kukoma. Imeandikwa nani alikitengeneza, nani anakitunza sasa, kilibadilishwa lini na kwa nini. Umetajwa mpaka wake, yaani hali ambayo nje yake kisitumike. Na pembeni pana mfano mmoja uliokokotolewa kwa mkono kutoka katika nyaraka za asili, mihtasari ya mikutano na stakabadhi, si kutoka ndani ya jedwali lenyewe. Programu kubwa za viwandani hurahisisha mengi kati ya haya. Zina nafasi ya vizio, ya maelezo, ya matoleo. Lakini nafasi isiyojazwa ni ule ukurasa wa maoni wa mwanachuo mvivu. Hakuna mashine inayoweza kuijaza kwa niaba ya mtu aliyekuwapo mkutanoni ghala lilipofunguliwa.

Nimalizie kwa haki, maana mhakiki asiye na haki ni mgomvi tu. Mkutano ulipoamua wakulima warudishiwe fedha zao, kilo za misimu mitatu za wanachama wote zilikuwamo katika jedwali lile lile. Karani aliongeza safu moja, akaiita "thelathini ya ghala", na kabla ya jua kushuka orodha ilikuwa tayari. Kwa vitabu vya mkono ingetuchukua mwezi. Safari hii nilikaa na kopo la bibi mbele yangu, nikaanza na stakabadhi zake, ndipo nikatazama kioo cha kompyuta. Ikasomeka 18,900. Nikatia saini.

Wanachama watatu katika orodha ile walikuwa wamekwisha fariki. Fedha zao tuliwapelekea watoto wao nyumbani, na katika kila nyumba ilinibidi nieleze ni fedha ya nini na kwa nini ilichelewa. Nilieleza hatua kwa hatua, tangu mwanzo, bila kuruka mstari.